Mali Iliyolala Nyuma ya Hadwea

Taili huvunjika. Lori likitoka viwandani Athi River au Kajiado hadi Kakamega limekula zaidi ya kilomita 350 za lami, matuta na mashimo, na likishapakuliwa hazikosi katoni ambazo ukizitikisa zinalia kama njuga. Mwenye hadwea hufungua, akachagua nzima, na zilizopasuka zikaishia nyuma ya duka, kando ya mabati yaliyopinda na mifuko ya saruji iliyoganda. Fundi naye akimaliza bafu la mteja huacha fungu lake: pembe alizokata kupisha bomba, vipande vya ukingoni, na ile taili moja aliyoikosea kipimo mara mbili. Mengi ya hayo hufukiwa kama kifusi.

Kiasi huokolewa. Katika mitaa na vijiji vya magharibi mwa Kenya si ajabu kukuta veranda iliyosakafiwa kwa vipande, kijivu cha sebuleni kikipakana na samawati ya bafuni. Mwenye nyumba hakuweza kununua taili nzima, akachukua zilizovunjika kwa bei nafuu, na fundi akavitandaza vipande juu ya saruji mbichi jinsi vilivyotoka guniani. Sakafu hiyo inafagilika, inadumu, na mvua ikipiga haitelezi sana. Hakuna anayeiita sanaa.

Hata hivyo iko hatua moja tu kutoka kwenye kazi ambayo watu wameifanya kwa zaidi ya miaka 5,000, tangu mafundi wa Uruk, katika Iraki ya leo, walipochomeka vijiti vya udongo vyenye vichwa vyeusi, vyekundu na vyeupe kwenye kuta za mahekalu yao. Kazi hiyo huitwa mozaiki: picha au pambo linaloundwa kwa kupanga vipande vidogo vya jiwe, kioo au kigae juu ya ukuta, sakafu au ubao. Fundi wa veranda tayari anajua saruji na anajua kutandaza. Anachokosa ni koleo la kumpa kipande umbo alitakalo, na sababu ya kukiweka hapa badala ya pale.

Kiswahili chenyewe kilikwisha kuona undugu huu. Kigae ni kile kinachoezekwa juu ya paa, na kigae ni kipande cha chungu kilichovunjika. Neno ni moja kwa kitu kipya cha kiwandani na kwa kile kinachookotwa jalalani. Na kwa vigae vya aina ya pili, Kakamega si maskini. Kusini ya mji, kwenye barabara ya kwenda Kisumu, iko Ilesi, mahali panapojulikana na wageni kwa mwamba uitwao Jiwe Linalolia, na wenyeji kwa vyungu. Wafinyanzi wa Ilesi, wengi wao akina mama wa jamii ya Isukha, hupanga kazi zao kando ya barabara. Udongo wa mfinyanzi una tabia zake: chungu kikichomwa na unyevu bado umo ndani, kinapasuka. Kilichopasuka hakipiki wala hakihifadhi maji, lakini vipande vyake vina wekundu wa tofali na weusi wa moshi ambao hakuna kiwanda cha taili kinachouiga vizuri. Kwa mwenye kutaka rangi ya ngozi, ya shina la mti au ya ardhi baada ya mvua, hapo ndipo pa kuanzia. Kasoro yake ni ulaini. Kigae cha chungu kikiwekwa sakafuni kitalika kwa viatu, hivyo pahali pake ni ukutani.

Taili za dukani nazo si za aina moja, na hapa wanaoanza hukosea sana. Taili ya ukutani ina mwili laini wenye vinyweleo. Kwa vipimo vya kimataifa, hunywa maji zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake. Ile ngumu ya sakafuni ambayo mafundi huiita poseleini hunywa asilimia 0.5 au chini ya hapo. Kuzitofautisha hakuhitaji maabara. Geuza kipande, dondoshea tone la maji mgongoni. Tone likizama upesi, hiyo ni ya ukutani na koleo la mkono litaikata bila ugomvi. Likibaki limekaa juu kama umande kwenye jani la nduma, hiyo ni poseleini: itadumu miaka, lakini itamchosha kiganja mwenye kuikata.

Vitabu vingi vya Ulaya humkataza msomaji kutumia taili za ukutani nje ya nyumba, kwa sababu maji yaliyonywewa huganda wakati wa baridi, yakatanuka na kuzipasua. Kakamega, kwenye mwinuko wa mita 1,500 na zaidi, hakuna baridi ya namna hiyo. Katazo hilo linaweza kulegezwa. Adui wa huku ni maji yenyewe, maana mvua ya mwaka mzima katika maeneo ya msituni hukaribia milimita 2,000. Maji hayapasui kipande. Hupenya nyuma yake, yakalegeza gundi na kulisha ukijani unaoota kwenye maungio. Kwa hiyo mozaiki ya nje hushindwa kwa kile kisichoonekana.

Mawe yapo pia. Akina mama na vijana wanaoponda kokoto kando ya barabara za Kakamega na Vihiga wanafanya, bila kujua, hatua ya kwanza ya mozaiki ya kale: nyundo mkononi, jiwe juu ya jiwe, na jicho linalojua mahali litakapopasukia. Mawe magumu ya eneo hilo hutoa kijivu, weusi na waridi hafifu. Ukitaka rangi nyororo zaidi, Tabaka, huko Kisii, huchimbwa jiwe la sabuni, jeupe, la kijivu na la waridi, laini kiasi cha kukatwa kwa msumeno. Na migodi ya dhahabu ya Kakamega imemwaga juu ya ardhi mawe meupe ya kwatzi, ambayo dhahabu hujificha ndani yake.

Hapo pana kinaya kidogo. Kakamega ilijaa watafutaji dhahabu mwanzoni mwa miaka ya 1930, na mgodi wa Rosterman ulifanya kazi hadi 1952. Wachimbaji wadogo wangali wanachimba hadi leo. Na katika mozaiki zote duniani, zinazosifiwa zaidi ni zile zenye dhahabu: kuta za makanisa ya Ravenna nchini Italia, au Kuba la Mwamba mjini Jerusalem, lililokamilika karibu mwaka 692. Dhahabu ile haibandikwi juu. Huwa ni karatasi nyembamba mno ya dhahabu iliyofungiwa kati ya tabaka mbili za kioo, isiguswe na hewa wala mkono. Kiwanda cha Orsoni mjini Venice kimekuwa kikitengeneza vioo vya namna hiyo tangu 1888, na bei yake si ya mtu wa kujaribujaribu. Anayetaka kung'ara kwa bei ya Kakamega atafute kioo cha kujitazamia kilichovunjika. Akumbuke tu kwamba baadhi ya gundi hula ule utando wa fedha mgongoni mwa kioo na kuacha madoa meusi, kwa hiyo asibandike kazi nzima kabla ya kujaribu kipande kimoja na kukiacha siku kadhaa.

Tukifika kwenye zana, orodha ni fupi kuliko watu wanavyodhani.

Zana ya kwanza ni nyundo na gunia. Taili hufungwa ndani ya gunia kuukuu, ikagongwa mara mbili tatu, na vipande havirukii macho ya mtu. Hii hutoa maumbo ya bahati nasibu. Anayetaka mraba au ukanda ulionyooka huikwaruza taili upande wa rangi kwa gurudumu dogo la chuma kigumu, kisha akaikunja juu ya msumari au ukingo wa meza. Itavunjika palepale ilipokwaruzwa. Mafundi wa taili wanayo mashine ya mkono inayofanya yote mawili kwa mkupuo mmoja, na mwenye kuanza anaweza kumwomba fundi amkatie mikanda kadhaa badala ya kununua mashine.

Kisha huja koleo, na hapa ndipo pesa kidogo ya kutumia itumike. Yako makoleo mawili. La kwanza lina midomo iliyovishwa chuma cha kabaidi, kigumu kuliko chuma cha kawaida, na ni la taili na vyungu. Siri yake ni kutolitia pupa: mdomo ung'ate milimita mbili au tatu tu za ukingo, ukibanwa ufa wenyewe utasafiri hadi upande wa pili. Anayeingiza kipande kizima mdomoni hupata unga. Koleo la pili lina magurudumu mawili madogo yanayotazamana, nalo limeundwa kwa vioo. Hukata kwa unyofu wa ajabu, na magurudumu yakianza kuwa butu hulegezwa, yakazungushwa kidogo na kukazwa tena, basi ukali mpya unapatikana bila kununua kitu. Koleo hili hukata pia taili laini, ila poseleini huliumiza.

Wakongwe wa Italia hawatumii koleo kwa kioo kinene wala jiwe. Wao hupachika patasi kwenye gogo, makali yakitazama juu, wakaweka jiwe juu ya makali hayo na kuligonga kwa nyundo nzito yenye ncha mbili bapa. Jiwe hupasuka katikati ya makali mawili. Mhunzi yeyote wa jua kali mjini Kakamega anaweza kutengeneza zana hiyo kwa springi ya gari iliyochakaa, na gogo halina shida ya kupatikana. Kwa mawe ya kienyeji ndiyo inayofaa kuliko zote.

Grainda? Ipo, na mafundi wengi huikimbilia. Inakata upesi, inapiga kelele, na inajaza hewa vumbi la silika. Vumbi hilo ni jembamba kiasi cha kufika ndani kabisa ya mapafu, likaleta silikosisi, ugonjwa usio na tiba. Kitambaa kilichofungwa mdomoni hakilizuii. Ikibidi itumike, mwenzako amwage maji polepole juu ya diski, kwa mashine iliyotengenezwa kwa kazi ya majimaji, na mvae barakoa ya vumbi iliyobana vizuri. Miwani ya kazi ni lazima hata kwa koleo. Kipande cha kioo hakipigi hodi.

Yote haya, hata hivyo, ni nusu ya mambo. Nusu ya pili haionekani, nayo ni ile ambayo mvua ya Kakamega huipeleleza kwanza: kitako na gundi.

Pambo la ndani ya nyumba, kama fremu ya kioo au uso wa stuli, linaweza kukaa juu ya plaiwudi na kubandikwa kwa ile gundi nyeupe ya maseremala. Likihamishiwa nje, gundi hiyo hulainika ikilowa, plaiwudi huvimba, na vipande huanza kudondoka kimoja kimoja. Nje hutakiwa zege au ukuta wa saruji uliokauka sawasawa. Saruji mpya huachwa siku 28 hivi ipate nguvu na kumaliza kusinyaa. Juu yake hupakwa gundi ya taili yenye saruji ndani, ile ya mfuko inayochanganywa na maji. Huchanganywa kidogo kidogo, kwa sababu mozaiki ni kazi ya polepole na gundi haimngoji mtu. Fundi wa taili anayemaliza chumba kwa siku moja huona ajabu kwamba mwenzake amechanganya kikombe kimoja tu, akapaka eneo la viganja viwili, akakaa hapo saa nzima. Kwa vioo vinavyopenyeza mwanga gundi iwe nyeupe, na isawazishwe isiache mistari ya mwiko. Kila kilicho nyuma ya kioo kitaonekana mbele.

Vipande vinaweza kubandikwa moja kwa moja, kimoja baada ya kingine, na hiyo ndiyo njia inayompa mtu raha zaidi. Lakini ukuta ukiwa juu, au kazi ikifanyiwa mahali pengine, iko njia ya kugeuza. Mchoro huchorwa kwenye karatasi ya kaki, vipande hubandikwa uso chini kwa gundi ya unga wa ngano, ile ile ya watoto wa shule, halafu karatasi nzima hupelekwa ukutani na kugandamizwa kwenye saruji mbichi. Gundi ya ukutani ikishika, karatasi hulowekwa kwa sponji na kubanduliwa, na picha hujitokeza. Giandomenico Facchina, fundi wa Italia, alisifika kwa njia hii alipopamba jumba la Opera la Paris lililofunguliwa 1875. Tahadhari yake ni moja: kila kitu hugeuka. Anayeandika jina la shule kwa njia hii aliandike kinyume, lisije likasomeka kuanzia kulia mbele ya wazazi siku ya uzinduzi.

Baada ya hapo ni grauti, unga wa saruji unaojaza maungio. Hukorogwa uwe mzito kama maziwa lala, ukasukumwa kwa kibao cha mpira pande zote hadi mashimo yajae. Kwa dakika ishirini au thelathini kazi nzima huonekana imeharibika, imefunikwa tope, na wanaoanza huingiwa na hofu. Kisha sponji yenye unyevu kidogo, si yenye kuchuruzika, huifuta, na kitambaa kikavu humalizia ukungu unaobaki. Watu wengi huchagua grauti nyeupe wakidhani ni safi. Nyeupe hufifisha rangi zote na kuchafuka upesi kwa vumbi jekundu. Ya kijivu iliyokolea huzisukuma rangi mbele. Hili mtu huliamini akishaliona.

Kwamba mabaki yanaweza kuzaa kazi kubwa si nadharia. Nje ya Nairobi, ukingoni mwa mbuga ya wanyama ya mji huo, karakana za vioo za Kitengela zilizoanzishwa na Nani Croze zimetumia tangu miaka ya 1980 vioo vya madirisha na chupa zilizotupwa, na majengo yake yenyewe yamevikwa mozaiki kuanzia njia za miguu hadi kuta. Mjini Barcelona, msanifu majengo Antoni Gaudí na msaidizi wake Josep Maria Jujol walivisha kiti kirefu cha Park Güell vigae vilivyovunjika, na bustani hiyo iliyojengwa kati ya 1900 na 1914 sasa ni fahari ya mji. Na huko Chartres, Ufaransa, Raymond Isidore, mfagiaji wa makaburi, alianza mwaka 1938 kuokota vipande vya sahani alivyoviona vikimetameta njiani. Hakujua atavifanyia nini. Alivibandika ukutani, halafu sakafuni, halafu kwenye kitanda, jiko na hata cherehani ya mkewe. Majirani walimcheka. Alifariki mwaka 1964, na mwaka 1983 nyumba yake ikaandikishwa kuwa jengo la kihistoria la taifa.

Pwani yetu ilianza mapema zaidi kwa namna yake. Kwenye makaburi yenye nguzo ya Mambrui, kaskazini ya Malindi, na Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, mafundi Waswahili walipachika bakuli za Kichina kwenye chokaa iliyotokana na matumbawe yaliyochomwa. Bakuli zilikuwa nzima, kwa hiyo mtaalamu mkali anaweza kusema si mozaiki halisi. Maarifa yaliyohitajika ni yaleyale: kitako kigumu, chokaa inayoshika, na jicho linalojua chombo cha mezani kinaweza kuwa pambo la ukuta. Nyingi zimeng'olewa na wezi tangu hapo, na chokaa imebaki na alama za mviringo mahali zilipokaa.

Mji wa Kakamega una kuta ndefu za shule, vibaraza vya zahanati, na bustani ya Muliro Gardens ambako watu hukaa mchana kutwa. Mabaki yapo, wafinyanzi wapo, mafundi wanaojua saruji wapo. Anayetaka kuanza asianze na ukuta. Achukue chungu cha maua, taili mbili za rangi tofauti, mfuko mdogo wa grauti na wiki moja ya jioni. Kama pesa inatosha kununua zana moja tu, iwe koleo la kabaidi. Nyundo na gunia kila boma linavyo. Na akiisha kupaka grauti, aifunike kwa gunia lenye unyevu siku tatu, kwa maana grauti inayokaushwa na jua la mchana hupasuka kabla ya mvua ya jioni kufika.